Yadi Elfu Nne za Mtu Mwoga

Kelvis Broadnax alitapika kabla ya kila mechi aliyochezea Chuo cha Gilfield, isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyowatia watu wasiwasi kuliko zote.

Mwanzoni wenzake walimcheka. Ilikuwa mwaka tisini na moja, msimu wake wa kwanza, na saa nzima kabla ya mechi alikuwa akijifungia chooni huku wengine wakifunga kamba za viatu na kupigana vibao vya mgongo. Otha Lee Womack, jitu la kilo mia na arobaini ambalo lilipangiwa kulala naye chumba kimoja, lilikuwa likiugonga mlango kwa kiganja.

"We Broadnax, unajifungua humo ndani? Nikuitie mkunga?"

Kelvis aliendelea kutapika. Alikuwa mwoga, na alijijua. Hata nyumbani kwao Tully Landing, mwendo wa saa moja kutoka chuoni ukifuata mto, alikuwa mtoto wa kuamka mara tatu kwenda kuangalia kama jiko limezimwa. Mbwa wa jirani akibweka, yeye keshavuka uzio. Baba yake alikuwa Chicago na familia nyingine. Mama yake, Verlene, alifanya kazi kiwanda cha kambare, alfajiri hadi alasiri amesimama kwenye sakafu ya maji baridi akichuna samaki mmoja baada ya mwingine, mpaka vifundo vya mikono vikavimba vikawa kama vya mtu wa miaka themanini.

Kocha wa sekondari ndiye aliyegundua kwamba yule kijana mwembamba hakamatiki. Alimpa mpira, ule mrefu wenye ncha mbili unaobebwa kwapani, akamwambia akimbie, na wavulana kumi na mmoja wakashindwa kumtia mkononi. "Wenzako wanakimbia kwenda mahali," kocha alimwambia. "Wewe unakimbia kutoka mahali. Sijui unatoka wapi, lakini usiache."

Verlene hakufurahi hata kidogo.

"Wanaume wazima wanamrukia mwanangu mmoja," alisema, "na watu wanalipa kiingilio kutazama!"

Lakini Gilfield walitoa ada yote, chakula na malazi, na kambare hawangeweza kulipa hayo. Basi Kelvis akaenda, na sanduku moja.

Mechi ya tatu ya msimu ule wa kwanza, wakiwa wanaongoza, dakika zimebaki mbili, Kelvis aliuangusha mpira. Hakuguswa na mtu wa maana. Aliona kivuli upande wa kushoto, akashtuka, mpira ukachomoka kama sabuni bafuni. Wapinzani wakauokota, wakafunga, mechi ikaisha.

Jumatatu Kocha Pickens alimwita. Leotis Pickens alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyasema kama anayang'oa. Alimrushia mpira kifuani.

"Wiki mbili. Unakula nao, unasoma nao, unaoga nao. Mtu yeyote akikupokonya, unapanda ngazi za jukwaa mara ishirini. Nimeshawatangazia chuo kizima."

Zile wiki mbili Kelvis aliishi kama swala. Otha alimvizia nyuma ya pazia la bafu. Wasichana wa kwaya walimpokonya kwenye foleni ya chakula, wakarushiana mpira juu ya sahani za maharage. Mwalimu wa somo la sayansi ya udongo, mzee wa heshima mwenye miwani, alisimama darasani kumrudishia karatasi ya mtihani, akaupiga mpira ngumi kwa mkono mwingine, kisha akaendelea na habari za udongo wa mfinyanzi kama hakufanya kitu. Kelvis alipanda ngazi mpaka mapaja yakawaka moto.

Jumapili akafikiri kanisani atapumzika. Alikaa kiti cha pembeni, mpira kwapani, watu wote wamesimama wanaimba. Mbele yake kulikuwa na bibi mdogo wa umbo, kofia ya zambarau, karatasi ya kujipepea mkononi. Kufika ubeti wa tatu yule bibi akageuka, akaupiga mpira kwa mkoba wake. Mpira ukadunda, ukaviringika katikati ya kanisa hadi miguuni kwa mchungaji.

"Unaushika kama mtoto wa jirani," bibi alisema bila kupunguza sauti. "Ushike kama wako. Kiwiko ndani! Ncha moja kwapani, nyingine kwenye kiganja. Hukufundishwa?"

"Nimefundishwa, Bi."

"Basi hukusikia."

Baada ya ibada Otha ndiye aliyemweleza, huku akicheka mpaka machozi yanamtoka. Yule ni Bi Ozella Tubbs, mjane wa Hosea Tubbs. Na Hosea Tubbs ndiye aliyeandikwa kwenye ubao wa shaba mlangoni mwa ukumbi wa michezo: *yadi 4,106, mwaka 1958 hadi 1961.* Ndio umbali wote Hosea aliokimbia na mpira kwa misimu minne, ukipimwa kila mara kutoka mstari ambapo mchezo ulianzia hadi pale alipoangushwa. Miaka thelathini ilikuwa imepita, na hakuna aliyewahi kuukaribia.

Kelvis hakuuangusha mpira tena msimu ule. Alimaliza na yadi mia tano na kumi na mbili. Bi Ozella hakukosa mechi hata moja ya nyumbani. Alikaa safu ya tatu, blanketi miguuni, kopo la matango ya siki pajani, na kila Kelvis alipopita na mpira alisikia sauti ile nyembamba ikipenya kelele zote: "Kiwiko!"

Msimu wa pili alikimbia yadi elfu moja mia moja arobaini na nane. Sasa wenzake hawakumcheka tena alipojifungia chooni. Walikaa kimya nje wakisubiri, na sauti ilipotoka walipiga makofi, wakavaa kofia zao ngumu, wakatoka uwanjani na moyo mkuu. Kutapika kwa Broadnax kulikuwa kumegeuka kuwa dua.

Ndiyo maana ile mechi ya msimu wa tatu ilikuwa msiba. Ilikuwa siku ya wahitimu wa zamani kurudi kukitembelea chuo, mji umejaa magari, moshi wa nyama unapaa kutoka kila uwanja wa nyumba. Kelvis aliamka amelala vizuri. Alikula mayai, mkate wa mahindi, soseji mbili. Alifunga viatu, akakaa, akangoja tumbo lianze mambo yake. Halikuanza.

"Kocha!" Otha alipaza sauti. "Kocha, njoo! Broadnax hajatapika!"

Kocha Pickens akaja, akainama, akamtazama machoni kama daktari.

"Umekula nini?"

"Mayai, Kocha."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

"Vizuri?" Kocha alilirudia neno lile kama mtu aliyeletewa habari za kifo.

Otha alipendekeza atiwe kidole kooni. Mwingine alikwenda kutafuta dagaa wa kopo. Haikufaa kitu. Kelvis aliingia uwanjani siku ile bila hofu yoyote, mara ya kwanza maishani mwake, na kwa kuwa hakuogopa, hakukwepa. Aliwaingia walinzi kifua mbele, kama mashujaa wanavyoingia. Alipata yadi thelathini na moja, ubavu mmoja ukavunjika, na timu ikafungwa.

Sisi huwa tunasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Verlene hakuijua methali hiyo, lakini alipofika hospitali akamkuta mwanawe amefungwa bandeji kifua kizima, alisema yaleyale kwa maneno yake.

"Nani alikwambia uache kuogopa? Woga wako ndio unaokuleta nyumbani mzima. Hebu nirudishie mtoto wangu mwoga."

Kelvis alikosa mechi mbili. Aliporudi, alirudi na tumbo lake. Msimu wa tatu ukaisha na yadi elfu moja mia moja na tisini.

Mwaka wa nne, hofu ikabadilika sura. Zamani aliogopa vitu anavyoviona: bega linalokuja, goti, kivuli cha kushoto. Sasa aliogopa namba. Gazeti la mji lilianza kuandika kila Jumatatu, kwenye kisanduku ukurasa wa michezo: *Broadnax bado 1,256. Broadnax bado 1,121.* Kwa kinyozi walimpigia hesabu akinyolewa. Mwenye duka la kuku wa kukaanga aliandika kwa chaki dirishani. Kelvis alianza kupita barabara za nyuma. Usingizi ukamkimbia. Chakula alikiangalia tu, na Otha akakila.

"Unajua tatizo lako?" Otha alisema siku moja, mdomo umejaa. "Unadhani zile yadi ni zako. Mimi ndiye ninayewasukuma watu pembeni. Wewe unapita tu kama bwana harusi. Kwa hiyo wasiwasi niachie mimi."

"Na kama nikiumia imebaki moja?"

"Basi tutaizika hiyo moja pamoja nawe. Utakula huo mguu wa kuku?"

Kilichomkosesha raha zaidi ni Bi Ozella. Alimwona kila Jumapili, na hakujua amsalimie kwa uso gani. Mwezi wa kumi akajikaza, akamngoja nje ya kanisa.

"Bi Ozella, kuhusu hii habari ya rekodi."

"Ndiyo."

"Sitaki uone kama..."

"Kelvis." Alifunga mkoba wake. "Kila siku asubuhi naomba mambo mawili. Naomba usiumie. Na naomba usimpite mume wangu. Namwachia Mungu achague. Wewe kimbia."

Hilo halikumpunguzia kitu. Alikwenda zake akijua kwamba mtu yuleyule anamwombea na kuomba dhidi yake.

Ilipofika mechi ya mwisho, Novemba, dhidi ya Chuo cha Lattimore, alikuwa na yadi elfu nne na tisa. Tisini na saba zingemfikisha kwa Hosea. Tisini na nane zingempitisha. Verlene aliomba ruhusa kiwandani, akaja kwa basi akiwa amevaa koti la kanisani. Kwa bahati alipewa kiti safu ya tatu, kando ya bibi mmoja mwenye kopo la matango. Hawakujuana.

Kelvis alitapika mara mbili. Chumba kikashangilia.

Ilikuwa siku ya baridi na upepo wa kukata masikio. Lattimore walikuwa wamemsoma. Kila alipopewa mpira aliwakuta wanne wanamngoja. Kipindi cha kwanza alitoka na yadi thelathini na nane tu. Cha pili njia zikaanza kufunguka. Alikimbia tisa, akakimbia kumi na nne, akakimbia thelathini na nne akiwa ameshikwa jezi na mtu aliyemburuta nusu ya safari. Alijua hesabu hata bila kutaka, kwa kuwa mashabiki walikuwa wakiihesabu kwa sauti. Robo ya mwisho, kwenye mbio fupi tu za yadi tano upande wa kulia, mbio ambazo siku nyingine hakuna ambaye angezikumbuka, alizikwa chini ya watu, na alipoinuka akaona jukwaa zima limesimama. Kipaza sauti kikanguruma. Yadi mia moja kwa siku ile. Elfu nne mia moja na tisa. Amempita Hosea Tubbs kwa tatu.

Kocha akamtoa mara moja. Otha akambeba kama mtoto. Walimvua kofia, wakampa koti zito, wakamkalisha. Alitazama safu ya tatu, akamwona mama yake analia, na kando yake Bi Ozella amekaa wima, mikono juu ya kopo. Gilfield walikuwa wanaongoza ishirini kwa kumi.

Kama mchezo ungeisha pale, Kelvis angekuwa mtu mwenye bahati. Lakini Lattimore walipiga pasi ndefu, wakafunga. Ishirini kwa kumi na saba. Zilipobaki chini ya dakika tatu, Gilfield waliupata mpira, lakini mahali pabaya, yadi tisa kutoka mstari wao wenyewe wa goli, migongo ukutani. Walichohitaji ni kuushika mpira na kuumaliza muda. Wakiuangusha pale, wamekwisha.

Kocha Pickens akaja benchi, akachuchumaa mbele ya Kelvis.

"Rekodi ni yako. Nikikurudisha, wakikukaba nyuma ya mstari wa kuanzia, wanakukata yadi. Unajua hilo."

"Najua, Kocha."

"Sikulazimishi. Nitamwingiza Dupree."

Kelvis akageuza shingo. Dupree, mkimbiaji wa mwaka wa kwanza, alikuwa amesimama na kofia yake kichwani, anafunga kamba ya kidevu na kuifungua, anaifunga na kuifungua. Mwezi ule alikuwa ameuangusha mpira mara mbili.

Watu wa Gilfield husimulia kwamba Kelvis alijitolea. Yeye mwenyewe hakusema hivyo kamwe. Alisema alipima hofu mbili, ya kupoteza zile yadi tatu na ya kukaa kwenye benchi akiangalia mpira unachomoka mikononi mwa Dupree, akaona ya pili haiwezekani kuvumilika. Akavua koti.

Mbio za kwanza, kabla hajakunja kona, mtu wa Lattimore alikuwa ameshapenya. Akamkamata kiunoni, akamrudisha, akamrudisha tena, akamlaza yadi tano nyuma ya mstari wa kuanzia. Uwanja ukanyamaza. Watu elfu saba walikuwa wanafanya hesabu moja ya kutoa. Tano kutoka kwenye tatu.

Katika ukimya ule ikasikika sauti nyembamba: "Hosea!"

Verlene alimhadithia Kelvis baadaye kilichotokea pale juu. Alimgeukia yule bibi.

"Hosea ndiye nani?"

"Mume wangu."

"Yuko wapi?"

"Kaburini. Lakini sasa hivi anaongoza kwa yadi mbili."

Verlene aliutazama mkono wake uliovimba, akafikiria kumzaba mtu kofi akiwa amevaa koti la kanisani. Badala yake akauliza, "Na wewe unafurahi?" Bi Ozella akasema hajui. Akampa tango.

Mbio za pili hakupata kitu. Aligonga ukuta wa watu, akaanguka palepale alipoanzia. Saa ilikuwa inakwenda, na Lattimore walishamaliza nafasi zao zote za kuisimamisha. Mikono ya Kelvis ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi; alikuwa akiutazama mpira kuhakikisha bado anao. Yule kijana anayegawa mpira alisema agizo la kocha: mbio tena, katikati, mpira ushikwe kwa mikono miwili, kusiwe na ujanja.

Otha akamshika kofia, akamvuta karibu.

"Usikimbie. Sikia, usikimbie! Niegemee mgongoni tu, ushike mpira, mimi natembea."

"Wakinisukuma nyuma?"

"Wanisukume kwanza mimi. Wakileta trekta watafanikiwa."

Mpira ukatoka. Kelvis aliukumbatia kama mtoto wake, akabandika uso kwenye mgongo wa Otha, akafumba macho. Hakuona chochote. Alisikia Otha akiguna, akasikia viatu vikikwaruza majani makavu, mikono ikimpapasa mbavuni, ikivuta, ikipiga mpira, na yeye hakufanya lolote zaidi ya kushika. Wakasogea. Wakasimama. Wakasogea tena. Halafu uzito wa dunia ukashuka juu yake, kipenga kikalia.

Waamuzi wakauweka mpira chini. Yadi tatu, mmoja alionyesha kwa vidole. Elfu nne mia moja na saba. Moja zaidi ya Hosea.

Hapakuwa na nafasi ya kushangilia. Gilfield walikuwa wameshindwa kupata yadi kumi kwa majaribio matatu, basi wakaupiga mpira mbali kwa mguu, Lattimore wakaja nao mbio, pasi baada ya pasi, hadi mahali ambapo mpigaji wao angeweza kusawazisha kwa teke la alama tatu. Kelvis aligeuka, akatazama ukuta wa zege. Alisikia teke. Alisikia mlio wa chuma, mpira umegonga mlingoti. Akasikia watu wake wakilipuka, ndipo akajua, akakaa chini palepale.

Ungedhani ndio mwisho. Jioni ileile wakuu wa ligi walipiga simu: kwa kuwa tofauti ni yadi moja, na zile mbio za mwisho zilikuwa rundo la watu, wanataka mkanda wa video waupime upya. Jibu Jumanne. Kocha alimweleza Kelvis mlangoni mwa bweni.

"Wakiona ni mbili?"

"Mtakuwa sawa, wewe na Hosea."

"Wakiona ni moja?"

Kocha alimpiga bega, akaondoka.

Jumapili Bi Ozella alimwalika chakula cha mchana, yeye na mama yake, ambaye alikuwa amekataa kurudi Tully Landing kabla ya Jumanne. Kulikuwa na mifupa ya shingo ya nguruwe iliyochemshwa na wali, mboga za majani, mkate wa mahindi, na pai ya viazi vitamu. Verlene na mwenyeji wake walikuwa wameshakuwa marafiki, kwa namna ya watu waliokaribia kupigana. Kelvis alizungusha uma kwenye sahani.

"Bi Ozella, unanichukia?"

"Jana saa kumi nilikuchukia kama dakika nne hivi. Kula."

Picha ya Hosea ilikuwa ukutani, si ya mpira, bali amevaa ovaroli mbele ya kiwanda cha kuchambua pamba. Bi Ozella aliona Kelvis anaitazama.

"Alimaliza chuo, akaingia pale kiwandani. Miaka ishirini na sita. Alikuwa anatoka na nyuzi za pamba mpaka kwenye nyusi. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza habari za yadi. Siku ya mazishi ndiyo kila mtu akasimama kuzitaja. Mchungaji alizitaja mara tatu. Pamba hakuitaja hata mara moja, na pamba ndiyo iliyonilisha mimi." Alikata pai. "Nilizishikilia kwa sababu ndicho kitu chake ambacho watu wengine pia walikuwa wanakijua. Basi. Wewe usinitazame hivyo. Nani kakufia?"

Kelvis alikula pai. Kilikuwa chakula chake cha kwanza kukaa tumboni tangu Ijumaa.

Jumanne alikuwa maabara ya udongo, mikono imejaa tope, mlango ukafunguka. Kocha Pickens mwenyewe, kofia mkononi. Uso wake haukusema kitu. Haukuwahi kusema kitu.

"Tatu," alisema.

"Wana uhakika, Kocha?"

"Wamepima mara mbili."

Darasa likapiga makofi. Mwalimu wa miwani akampa mkono, tope na yote. Kelvis alijaribu kutafuta furaha ndani yake, akakuta uchovu tu, uchovu mkubwa kama gunia. Siku iliyofuata alianguka mtihani wa somo lilelile.

Timu za kulipwa hazikumtafuta. Moja ilimwita majira ya kuchipua, kumjaribu pamoja na wengine sitini. Wakampima urefu, wakampima uzito, wakampima mbio kwa saa ya mkononi, wakamshukuru kwa kuja. Alirudi na basi, akarudia somo la udongo kiangazi, akapata shahada yake.

Akaajiriwa na bodi ya matuta, wale watu wanaotunza kingo za udongo zinazozuia mto usiingie mashambani na majumbani. Kazi yake ni kutembea juu ya tuta, maili baada ya maili, akitafuta ufa, unyevu, shimo la mnyama, mahali maji yanapobubujika na kutoa mchanga upande wa nchi kavu. Wengi huichoka kwa mwaka. Kelvis alipita sehemu moja, akaenda hatua mia mbili, akageuka kwenda kuangalia tena. Msimamizi wake, aliyekuwa amekaa kazini miaka thelathini, alisema hajawahi kupata mfanyakazi wa namna ile. Mafuriko ya mwaka tisini na saba, Kelvis aliona bubujiko lisilozidi upana wa sahani nyuma ya shule ya Tully Landing, na magunia ya mchanga yakafika kabla ya jua kuzama. Hilo halikuandikwa gazetini. Alioa mwalimu wa hesabu, mwanamke mtulivu, aliyezoea kumsikia akiamka kuangalia jiko.

Bi Ozella alifariki mwaka elfu mbili. Kelvis na Otha walikuwa kati ya waliobeba jeneza.

Mwaka uliofuata, Novemba, Otha alimpigia simu akiwa kazini. Kijana mmoja wa kutoka Memphis, msimu wake wa tatu tu, alikuwa amempita Jumamosi. Si kwa yadi moja. Kwa sitini na tatu, na bado ana mwaka mzima mbele.

"Umekasirika?" Otha aliuliza.

Kelvis alijisikiliza kwanza. "Hapana. Nadhani hapana."

"Mimi nimekasirika. Zile yadi ni zangu."

Haikuchukua nusu saa Verlene naye akapiga. Alikuwa ameacha kiwanda kwa sababu ya mikono, lakini sauti ilikuwa na nguvu zake zote.

"Waambie wapime tena!"

"Mama, ni sitini na tatu."

"Si walikupima wewe? Na yeye apimwe! Na huyo kijana ana mama? Mama yake anajua walivyokuvunja ubavu?"

"Mama."

"Hata hukasiriki. Nakuuliza, hukasiriki?"

Alikuwa amesimama juu ya tuta, mto chini yake umepungua na kuwa wa rangi ya kahawa, mawingu yanakusanyika upande wa Arkansas. Alimwacha mama yake aendelee mpaka amalize. Alitambua kwamba usiku uliopita, kwa sababu asiyoijua, alikuwa amelala moja kwa moja hadi asubuhi. Kisha akamwambia mama atampigia jioni. Kulikuwa na shimo la mnyama karibu na alama ya maili kumi na nne, alishalifukia wiki iliyopita, lakini alitaka kuliona tena kabla mvua haijafika.